Volti na ampea: namna ya kupata ukinzani na nguvu ya birika na ya waya wa ekstensheni

Mama mmoja anayeuza chai na chapati barazani kwake alikuja karakanani kwangu na birika la umeme amelifunga kwenye khanga. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. "Mwanangu, hili limechoka. Zamani lilikuwa linachemka kabla sijamaliza kukanda unga. Sasa hivi mteja anasubiri mpaka anaondoka. Nataka ninunue lile kubwa la wati elfu tatu. Nitazamie kama hili bado linauzika."

Birika lilikuwa zima. Tatizo lilikuwa mahali pengine kabisa, na lile kubwa alilotaka kununua lingemletea moto ndani ya nyumba. Tulijua hayo kwa kupima vitu viwili tu, volti na ampea, kisha kuzidisha na kugawanya. Nitaeleza hatua zenyewe kwa kutumia namba za siku ile, kwa sababu hesabu ya umeme inaingia kichwani vizuri ikiwa na kifaa mkononi.

Tuanze na maneno. Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa mkondo unaopita kwenye waya. Omu, inayoandikwa kwa alama ya Ω, ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kifaa au waya unavyouzuia mkondo usipite. Wati ni nguvu: kasi ambayo umeme unageuka kuwa joto, mwanga au mzunguko. Uhusiano wa volti, ampea na ukinzani ulichapishwa mwaka 1827 na mwalimu Mjerumani, Georg Simon Ohm, na jina lake ndilo likawa jina la kipimo.

Kanuni ni mbili:

R = V ÷ I (ukinzani ni volti kugawanya kwa ampea)
P = V × I (nguvu ni volti mara ampea)

Ukizichanganya hizo mbili unapata nyingine mbili ambazo mimi nazitumia zaidi:

P = V × V ÷ R
P = I × I × R

Angalia kwamba kwenye hizi za chini volti imezidishwa mara yenyewe, na ampea vilevile. Volti zikishuka kwa sehemu moja ya kumi, nguvu haishuki kwa sehemu moja ya kumi. Inashuka karibu sehemu mbili. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto kwenye waya linaongezeka mara nne. Nusu ya malalamiko ninayoletewa yanaelezwa na sentensi hizo mbili.

Hatua ya kwanza: soma kibandiko cha kifaa

Geuza birika utazame chini. La mama lilikuwa limeandikwa 220-240V, 50/60Hz, 1850-2200W. Maandishi haya yapo kwenye mabirika mengi sana, na watu wengi wanadhani maana yake ni kwamba birika lenyewe linachagua nguvu ya kutumia. Halichagui. Jaribu hesabu:

220 × 220 ÷ 1850 = omu 26.2
240 × 240 ÷ 2200 = omu 26.2

Ukinzani ni uleule. Mtengenezaji anakuambia kwamba ndani mna koili, yaani waya wa kupasha joto, ya omu 26 hivi, na kwamba ukiipa volti 220 itatoa wati 1850, ukiipa 240 itatoa 2200. Kwa umeme wetu wa Tanzania, ambao kiwango chake ni volti 230, itatoa wati 2019 na kuvuta ampea 8.8. Andika namba hiyo ya omu pembeni. Ndiyo utakayolinganisha na kila utakachopima baadaye.

Hatua ya pili: pima ukinzani, kifaa kikiwa kimechomolewa

Kipimo cha omu hakipimwi kwenye kifaa chenye umeme. Chomoa plagi, weka multimita, ile mita ya mkononi ya kupimia volti, ampea na omu, kwenye alama ya Ω, masafa ya chini kabisa (200 inatosha). Kwanza gusisha ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe. Mita ya bei ndogo haitaonyesha sifuri. Yangu inaonyesha 0.4. Huo ni ukinzani wa nyaya za mita, na ni lazima uutoe kwenye jibu.

Weka birika kwenye kitako chake, washa swichi yake ya kubonyeza, kisha gusa pini mbili fupi za plagi, moja kila upande. Swichi isipobaki chini, ishikilie kwa kidole. Mita ilisoma 26.6. Ukitoa 0.4 inabaki 26.2, sawasawa na kibandiko.

Hapo nikamwambia, "Mama, birika lako halijachoka. Lipo kama lilivyotoka kiwandani." Koili ya birika haichakai ikawa dhaifu taratibu kama betri. Ama ni nzima, ama imekatika na mita inaonyesha OL au 1 upande wa kushoto, maana yake hakuna njia ya mkondo. Gamba jeupe la chumvi za maji linaweza kuchelewesha joto lisifike kwenye maji, lakini omu hazibadiliki kwa sababu hiyo.

Kabla hujaacha mita, pima pia kati ya pini ndefu ya juu, ile ya ethi (waya wa usalama), na kila moja ya zile fupi. Hapo mita isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha omu chache, umeme unavuja kwenye bodi la birika na kifaa hicho kisichomekwe tena. Kumbuka tu kwamba multimita hutumia volti chache za betri, kwa hiyo inaona uvujaji mkubwa, mdogo inaukosa. Fundi mwenye mega, yaani kipimo cha uvujaji wa umeme, anayepima kwa volti 500 ndiye anayeweza kukuhakikishia.

Hatua ya tatu: pima volti, kwanza bila mzigo, kisha na mzigo

Hapa unaingia kwenye umeme unaoua. Kama hujawahi kupima soketi yenye umeme, mwite fundi apime yeye, wewe shika kalamu. Anayepima avae viatu vikavu, atumie mita ambayo nyaya zake hazijachubuka, aweke swichi kwenye V~ masafa ya 600 au 750, na ahakikishe waya mwekundu haupo kwenye tundu la 10A. Kosa hili la mwisho ndilo linaloripua mita: ukipima volti huku waya ukiwa kwenye tundu la ampea, umeunganisha laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) moja kwa moja.

Nilikwenda nyumbani kwa mama jioni hiyo. Umeme wa barazani ulitoka kwenye soketi ya sebuleni, ukapita dirishani kwa ekstensheni ya mita 20, mpaka kwenye meza ya chai. Nilipata hivi:

Soketi ya sebuleni, birika likiwa limezimwa: volti 214.
Soketi hiyohiyo, birika likichemsha: volti 206.
Mwisho wa ekstensheni, birika likichemsha: volti 196.

Namba hizi tatu ni muhimu kuliko namba moja. Fundi anayepima soketi tupu akasema "umeme upo" hajapima kitu. Waya mbovu usiopitisha mkondo hauonyeshi ubovu wake. Unauonyesha kazi inapoanza. Kwa hiyo pima daima mzigo ukiwa umewashwa, na pima mwanzo na mwisho wa njia.

Hatua ya nne: pima ampea

Usipitishe umeme wa nyumbani ndani ya multimita ya kawaida ili kupima ampea, hata kama tundu limeandikwa 10A. Tumia klampu mita, ile yenye taya zinazozunguka waya bila kuugusa shaba. Ina kanuni moja inayowakwamisha wengi: taya zizunguke waya mmoja tu, laivu au nyutro. Ukibana kebo nzima utasoma sifuri, kwa kuwa mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana. Mimi ninabeba kipande kifupi cha ekstensheni ambacho ganda lake la nje nimelitoa kwa urefu wa kiganja, nyaya zake tatu zikiwa zimetengana, kila mmoja na ganda lake la ndani zima. Nakichomeka katikati, nabana waya mmoja, nasoma.

Ilisoma ampea 7.5.

Hatua ya tano: kokotoa

Birika kwanza. Volti zinazolifikia ni 196, mkondo ni 7.5.

R = 196 ÷ 7.5 = omu 26.1
P = 196 × 7.5 = wati 1470

Ukinzani umerudi palepale kwa njia ya pili, koili ikiwa ya moto. Hilo linathibitisha kwamba vipimo vyote viko sawa. Lakini nguvu ni wati 1470 badala ya 2019. Ndiyo maana chai inachelewa. Kuchemsha lita 1.7 za maji kutoka nyuzi 25 kunahitaji jouli kama 534,000. Gawanya kwa wati upate sekunde. Kwa wati 2019 ni dakika 4 na sekunde 24. Kwa 1470 ni dakika 6 na sekunde chache, bila kuhesabu joto linalopotea njiani.

Watu wengi wanaamini kwamba umeme ukiwa mdogo birika linakula uniti nyingi zaidi. Kwa kifaa cha koili si kweli. Uniti moja ni wati 1000 kwa saa nzima, yaani jouli milioni 3.6, na maji yale yanahitaji jouli zilezile hata yakichemka taratibu. Birika moja lililojaa linakula kama uniti 0.15, umeme uwe mkubwa au mdogo. Mama anachemsha mara 20 kwa siku. Hizo ni uniti 3. Umeme mdogo unamwibia muda, uniti zinabaki karibu zilezile.

Hatua ya sita: upime waya kama unavyopima kifaa

Hapa ndipo palikuwa na tatizo lenyewe. Waya nao ni kifaa. Una volti zake, zile zinazopotelea ndani yake, na una mkondo uleule unaopita kwenye birika. Ekstensheni ya mama ilipokea volti 206 ikatoa 196. Zilizopotea ni 10.

R = 10 ÷ 7.5 = omu 1.33
P = 10 × 7.5 = wati 75

Wati 75 zinachemsha waya na si maji, na zinalipiwa. Sasa jiulize: waya wa aina ile unapaswa kuwa na ukinzani gani? Shaba ina ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita moja ya waya wenye unene wa milimita moja ya mraba. Ekstensheni ya mita 20 ina mita 40 za njia, kwenda na kurudi. Ganda lake lilikuwa limeandikwa 0.75 mm².

40 × 0.0172 ÷ 0.75 = omu 0.92

Tulipima 1.33, tukatarajia 0.92. Kuna omu 0.41 isiyo na maelezo. Nilizima, nikachomoa, nikapitisha kiganja kwenye waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Kote ulikuwa vuguvugu kidogo, sawasawa. Nilipofika chini ya dirisha, mahali ulipokatika zamani ukaungwa kwa kusokotwa na kufungwa tepu nyeusi, nikatoa mkono haraka. Tepu ilikuwa imelainika, gundi inachuruzika, na ndani shaba ilikuwa imekuwa nyeusi. Pazia lilikuwa linagusa hapohapo.

7.5 × 7.5 × 0.41 = wati 23

Wati 23 ni kidogo kwa birika zima. Zikikaa kwenye kiungo chenye ukubwa wa kidole, ni karibu sawa na ile pasi ndogo ya kuchomelea risasi kwenye redio, inayoyeyusha risasi. Na yule mama alitaka kununua birika la wati 3000. Ukinzani wake ni 240 × 240 ÷ 3000 = omu 19.2, na kwa umeme wake ule lingevuta kama ampea 9.9. Kiungo kilekile kingetoa wati 40.

Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu wa karakana ni hii: waya ukipata joto sawasawa kote, wembamba ndio tatizo, badilisha waya. Joto likiwa mahali pamoja, kiungo au plagi ndiyo tatizo, na hilo ndilo la hatari zaidi. Plagi yenye madoa ya kahawia kwenye pini, au soketi inayonuka kama kucha inayoungua, usiipime tena. Itoe.

Tulimwekea kebo ya 2.5 mm², isiyo na kiungo. Ukinzani wake ni omu 0.28 tu. Nguvu ya birika ikapanda kutoka 1470 mpaka 1580 hivi, na chai ikawahi kwa sekunde 25. Si faida kubwa, na nilimwambia hivyo waziwazi, kwa sababu sehemu kubwa ya upungufu ilitoka nje: soketi ilikuwa na volti 214 hata kabla ya kuwasha chochote, na zikashuka 8 nyingine birika lilipowaka. Hizo 8 kwa 7.5 ni omu 1.07 ya nyaya za nyumba na laini ya mtaani. Kwa namba hizo zimeandikwa kwenye karatasi, malalamiko yako kwa shirika la umeme yanakuwa na uzito.

Kama huna klampu mita

Tumia mita yako ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ikiwa ipo mahali unapoiona na si juu ya nguzo. Tafuta kitaa chekundu kinachopepesa na maandishi kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, yaani idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Ikiwa ni 1000, kila mpepeso ni jouli 3600. Ikiwa ni 1600, ni jouli 2250. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji ikiwemo, washa birika peke yake, hesabu mipepeso 20 ukiwa na saa ya simu.

Nyumbani kwangu mita ni ya 1000, na mipepeso 20 ilichukua sekunde 38. Jouli 72,000 kwa sekunde 38 ni wati 1895. Soketi ilikuwa na volti 223. Gawanya: 1895 ÷ 223 = ampea 8.5. Na 223 ÷ 8.5 = omu 26.2. Sikuufungua waya wowote. Anza kuhesabu mpepeso wa kwanza kama sifuri, la sivyo utakosea kwa mmoja.

Vifaa vinavyojumlishwa kwenye ekstensheni moja

Vifaa vilivyochomekwa pamoja vinapata volti zilezile, na ampea zao zinajumlishwa. Birika la ampea 8.8 na pasi ya wati 1000, yaani ampea 4.3, jumla ni 13.1. Tayari umepita kiwango cha plagi ya ampea 13. Usiitegemee fyuzi hapa: fyuzi ya 13 haikatiki mkondo unapozidi kidogo, inaweza kuvumilia muda mrefu huku plastiki ya plagi inaiva. Na ekstensheni ya kuviringisha kwenye gurudumu ikunjue yote kabla ya mzigo mkubwa, maana joto likibaki ndani halina pa kutokea.

Mahali ambapo hesabu hii itakudanganya

Friji, feni, pampu ya maji na mashine ya kusaga vina mota. Ukizidisha volti kwa ampea hapo unapata namba kubwa kuliko wati halisi, kwa kuwa volti na mkondo havipandi na kushuka kwa wakati mmoja. Tumia kipepesi cha LUKU kupata wati za kweli, na ampea zitumie kuchagua unene wa waya tu. Umeme mdogo pia unaiumiza mota kuliko birika: inaweza kuvuta mkondo zaidi ili iendelee kuzunguka, ikaungua.

Glopu ya zamani yenye uzi ndani nayo ina ukinzani mbili. Ya wati 60 ikiwa inawaka ina omu 882, ikiwa baridi mita inasoma chini ya mia. Si mbovu, uzi wake hubadilika sana kwa joto. Koili za mabirika na pasi hubadilika kidogo tu, ndiyo maana zinapimika vizuri zikiwa baridi.

Na ukiletewa zawadi na ndugu aliyeko Marekani, soma kibandiko kabla ya kubadilisha plagi. Kifaa cha joto cha 120V, 1500W kina omu 9.6. Kichomeke kwenye 230 kitataka ampea 24 na wati 5,500. Nimeletewa vitatu vya namna hiyo, vyote vimeungua siku ya kwanza, na hakuna hata kimoja ambacho koili yake iliweza kuokolewa.